Fielder si Moja: Dhana Potofu Kuhusu Matoleo Yake

Ukikaa Mwanga, hapa Kigoma, hata nusu saa, utaona Toyota Fielder za kila rika zikipita: hii imebeba familia, ile madumu ya mawese mpaka buti haifungi. Nyuma zote zimeandikwa jina lilelile, na wengi huzichukulia kuwa gari moja. Hela za watu zinapotea hapo.

Dhana: Fielder ni gari lingine, Corolla ni lingine.
Ni Corolla ya buti ndefu. Corolla ilianza kuuzwa Japani mwaka 1966. Jina la Fielder likaja 2000. Toleo la pili lilitoka 2006, la tatu 2012.

Dhana: Injini zote ni 1NZ, basi haidroliki yoyote, yaani oili ya giaboksi, inafaa.
Hii ndiyo inayoniuma, maana imemtia hasara shemeji yangu. Injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5 kweli ipo kwenye matoleo yote matatu. Giaboksi ndiyo iliyobadilika. Otomatiki ya toleo la kwanza ina gia nne na inatumia haidroliki ya T-IV. Kuanzia toleo la pili, magari mengi yakaja na CVT, ambayo haina gia za kupanda moja baada ya nyingine. Ndani mna puli mbili na mkanda wa chuma, na oili yake inatakiwa ilainishe na papo hapo iuache mkanda ushike puli. Ukiweka haidroliki ya kawaida, mkanda unateleza na kuzikwaruza puli. Shemeji aliwekewa hiyo. Gari likaanza kutetemeka kwenye vilima vya njia ya Kasulu, na hatimaye akanunua giaboksi nzima.

Fungua boneti usome kibao cha chesesi kabla ya kununua chochote. Kwa zile za lita 1.5, NZE121 ni toleo la kwanza, NZE141 la pili, NZE161 la tatu. Hata CVT zenyewe hazifanani: ya 141 inatumia oili iitwayo TC, ya 161 inatumia iitwayo FE.

Dhana: Ikifika kilomita laki moja, badilisha taimingi beliti.
1NZ-FE haina beliti hiyo ya kuendesha valvu za injini, ina cheni. Ushauri huo ulizifaa Corolla za zamani zenye injini ya 5A. Cheni inataka oili ya injini ibadilishwe kwa wakati. Ukisikia inagonga asubuhi unapowasha, usipuuze.

Dhana: Toleo jipya lazima liwe kubwa zaidi.
La tatu ni fupi kuliko la pili, kwa sababu lilijengwa juu ya msingi wa jamii ya Vitz, gari dogo la Toyota. Upana wa yote matatu ni milimita 1,695, ndani ya kipimo cha Japani cha 1,700 kwa magari madogo. Binafsi, la kwanza ndilo ninalolipenda kwa barabara zetu.

Dhana: Fielder ya 4WD inapita popote.
Hizi za 4WD, yaani za kusukumwa na magurudumu yote manne (NZE124, 144 na 164), zinapeleka nguvu nyuma kusaidia pale magurudumu ya mbele yanapoteleza, hasa kwenye theluji. Hazina gia nzito ya kujinasua kwenye tope, na tumbo liko karibu na ardhi. Tena usizifunge tairi mpya mbele na zilizolika nyuma: mizunguko inapotofautiana, kifaa kinachogawa nguvu hufanya kazi muda wote hata kwenye lami, kikapata moto na kufa.