Kwa Nini Unatafuta kwa Kiswahili, Unajibiwa kwa Kiingereza au Unapelekwa Tanzania

Katika miezi ya karibuni dawati letu la upatikanaji wa habari limepokea malalamiko mengi ya aina moja. Mwananchi anaandika swali kwa Kiswahili kwenye simu yake, akitarajia maelezo ya huduma za serikali ya Kenya kwa lugha hiyo hiyo, lakini anacholetewa ni kurasa za Kiingereza, au kurasa za Kiswahili zinazoeleza taratibu za nchi jirani. Wako walioandika kudai kwamba ofisi za umma zimekubaliana na kampuni za mtandao kukificha Kiswahili. Dai hilo halina msingi, na tungeomba lisiendelee kusambazwa katika makundi ya WhatsApp. Maelezo yafuatayo si ushauri wa kisheria wala hayapendekezi huduma ya kampuni yoyote. Google inatajwa mara nyingi kwa sababu ndiyo inayotajwa na takriban kila anayetuandikia.

Jambo la kwanza, ambalo tumelieleza mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka, ni kwamba lugha ya simu, lugha ya ukurasa wa kutafutia na lugha ya matokeo ni mambo matatu tofauti. Ukiigeuza simu izungumze Kiswahili, vitufe na menyu vitabadilika, lakini kurasa zilizoko kwenye intaneti hazitatafsirika kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo, ukigusa neno Kiswahili chini ya kisanduku cha Google, kinachobadilika ni maandishi yanayokizunguka kisanduku hicho. Lugha ya matokeo ina mpangilio wake, na katika Google hupatikana kwenye sehemu ya mipangilio inayohusu lugha na eneo, ambako kuna kichujio cha lugha na pia nafasi ya kuchagua nchi.

Kichujio hicho kitumike kwa uangalifu. Anayechagua Kiswahili peke yake huwa ameamuru kurasa za lugha nyingine zisionyeshwe, na kwa kuwa huduma nyingi za umma nchini bado zimeelezwa kwa Kiingereza tu, ataachiwa kurasa chache mno. Mzee mmoja alifika dawatini akiwa na hasira kwamba serikali imefuta ukurasa wa huduma aliyoitaka. Ukurasa ulikuwepo muda wote, ila yeye mwenyewe, au mjukuu wake, alikuwa ameufungia nje. Njia iliyo salama zaidi ni kuweka Kiswahili mwanzoni mwa orodha ya lugha na Kiingereza baada yake. Simu za Android kuanzia toleo la 7.0 la mwaka 2016 huruhusu lugha kadhaa kupangwa kwa mfuatano, na vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, navyo hutuma mfuatano huo kwa kila tovuti inayofunguliwa, ingawa ni hiari ya tovuti kuuzingatia au kuupuuza.

Kinachoamua zaidi kuliko mipangilio yote hiyo ni maneno yenyewe unayoyaandika. Neno moja halitoshi. Anayeandika «karo» peke yake anafikiria ada ya shule, lakini hilo pia ni jina la jamii ya Wabatak wa kaskazini mwa Sumatra. «Bima» ni mji nchini Indonesia. «Kodi» ni programu mashuhuri ya kuchezea video, na mtambo wa kutafutia hauna njia ya kujua kwamba wewe unadaiwa na mwenye nyumba au na serikali. Andika «kodi ya mapato ya mshahara Kenya» na utaona tofauti mara moja. Vilevile, sentensi iliyochanganywa, mathalani «jinsi ya ku-renew leseni ya gari online», ina maneno ya Kiingereza yenye uzito kuliko ya Kiswahili, na si haki kuushutumu mtambo kwa kujibu kwa lugha ambayo nusu ya swali imeandikwa. Hatukatazi watu kuzungumza wapendavyo. Tunasema tu kwamba swali lililoandikwa kwa lugha moja, kwa maneno manne au matano, hujibiwa vizuri zaidi.

Suala la Tanzania ndilo linalotutia wasiwasi kweli, kwa sababu hapo mwananchi hupata jibu, jibu liko kwa Kiswahili kizuri, na bado si jibu lake. Taasisi za umma za Tanzania huandika kwa Kiswahili kama jambo la kawaida, ilhali zetu, licha ya Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kukitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, bado huandika kwanza kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba anayetafuta «leseni ya udereva» anaweza kupelekwa kwenye maelezo ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo hutoa leseni hiyo huko, wakati hapa kwetu mhusika ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Anayetafuta «kitambulisho cha taifa» atakutana na NIDA, mamlaka ya vitambulisho ya Tanzania, ambayo haina uhusiano wowote na ofisi za usajili za Kenya. Anayetafuta leseni ya biashara atasoma utaratibu usiozijua kabisa kaunti zetu. Ubaya zaidi ni neno «shilingi», ambalo nchi zote mbili hulitumia na ambalo kurasa nyingi huliandika bila kutaja ni ya nchi gani, ingawa shilingi ya Tanzania ina thamani ndogo mara nyingi kuliko yetu. Tumewahi kumpokea mama aliyekuwa amekopa fedha kwa ajili ya ada ambayo Kenya haimtozi mtu yeyote.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma maelezo, soma anwani. Tovuti za serikali ya Kenya huishia kwa .go.ke na za Tanzania kwa .go.tz. Ukitaka Kenya pekee, ongeza site:go.ke mwishoni mwa swali lako, bila nafasi baada ya nukta mbili. Hatua hii haichukui sekunde tano, na ingetupunguzia sehemu kubwa ya foleni ya Jumatatu.

Yamekuwepo pia maneno kwamba «Google ya Kenya imefungwa». Kilichotokea ni kwamba mnamo Aprili 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba anwani zake za nchi moja moja, kama google.co.ke, zitakuwa zikimpeleka mtumiaji google.com. Nchi ya huduma ilikuwa tayari inaamuliwa kwa mahali alipo mtumiaji tangu Oktoba 2017, kwa hiyo badiliko hilo halikuondoa matokeo ya Kenya wala ya Kiswahili.

Uadilifu unatudai tukubali kwamba si makosa yote ni ya wananchi. Google hutambua lugha ya ukurasa kwa kusoma maandishi yanayoonekana, si kwa alama iliyofichwa ndani ya msimbo. Notisi ya Kiswahili iliyopigwa picha na kupandishwa mtandaoni ni vigumu kuipata kwa kutafuta maneno yaliyomo ndani yake. Ukurasa wenye kitufe cha kubadilisha lugha huku anwani ikibaki ile ile una tatizo jingine: programu ya Google inayopita kuzisoma kurasa kwa kawaida haitaji lugha inayoipendelea, na mara nyingi hufanya kazi kutoka Marekani, hivyo husoma Kiingereza na kuondoka. Wenzetu wa TEHAMA wanafahamu kwamba kila lugha inahitaji anwani yake. Wanafahamu pia, au wanapaswa kufahamu, kwamba kumwaga kurasa nyingi zilizotafsiriwa na mashine bila mtu kuzipitia kunaweza kuhesabiwa kuwa taka za mtandaoni (spam) chini ya kanuni za Google, na adhabu yake ni tovuti kushushwa au kuondolewa katika matokeo.

Pale ambapo habari unayoihitaji haipo mtandaoni, au haieleweki, unayo njia ya kisheria ambayo haitegemei mtambo wowote. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza sababu. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada, ingawa gharama halisi ya kutoa nakala inaweza kudaiwa. Asiyeweza kuandika lazima asaidiwe na afisa. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, na muda huo unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Kimya baada ya muda huo huhesabiwa kuwa ombi limekataliwa, nawe una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala iupitie uamuzi. Afisa anayekataa kupokea ombi, au asiyelijibu kwa wakati, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, za Kenya, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili.

Habari hutolewa katika umbo inamohifadhiwa, isipokuwa mwombaji ataomba umbo lingine na jambo hilo liwezekane; kwa hiyo taja umbo unalolitaka ndani ya ombi lenyewe, si baada ya kujibiwa. Lete nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo, kwa kuwa siku 21 huhesabiwa kuanzia ombi linapopokelewa, wala si tarehe uliyoiandika juu ya barua ukiwa nyumbani.