Kumtafuta aliyepotea: tunayoyaamini na yanayofanyika kweli

Habari ya mtu kupotea ikienea, watu hutoka mbio na tochi mkononi. Moyo huo ni wa thamani, na inasikitisha kuona unavyopotea bure kwa sababu ya mambo tunayoyaamini bila kuyachunguza.

Dhana: Lazima zipite saa 24 ndipo utoe taarifa.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Nchi nyingi hazina sheria ya namna hiyo, na polisi hupokea taarifa mara moja, hasa aliyepotea akiwa mtoto, mgonjwa au mzee anayesahau. Piga hesabu mwenyewe: mtu anayetembea kilomita 4 kwa saa, baada ya saa moja anaweza kuwa popote ndani ya kilomita za mraba 50 hivi. Baada ya saa mbili, ni 200. Muda umekuwa mara mbili, eneo limekuwa mara nne.

Dhana: Tukiwa wengi, atapatikana tu.

Msako huanza na maswali. Mtu mmoja hukaa na familia: alivaa nini, anatumia dawa gani, simu yake ilikuwa na chaji, amezoea kwenda wapi? Mwingine hupiga simu hospitalini. Mratibu huweka alama kwenye ramani pale alipoonekana mara ya mwisho, kisha huligawa eneo kwa mipaka inayoonekana kwa macho, kama mto, barabara au reli. Kila kundi hupewa kipande chake na kiongozi wake, na hujiandikisha likitoka na likirudi, asije mtafutaji naye akapotea.

Kundi likirudi na kusema "hatukuona kitu", limefanya kazi. Kipande hicho huandikwa, pamoja na jinsi kilivyopekuliwa, maana kichaka kizito kilichopitwa mara moja huenda kikahitaji kurudiwa. Anayejiendea peke yake, hata akitembea usiku kucha, hakuna anayejua alipopita, na harufu yake inaweza kumchanganya mbwa wa kunusa.

Dhana: Akisikia anaitwa, ataitika.

Si kila mara. Mtoto mdogo anaweza kujificha akisikia sauti za watu asiowajua, au akawa amelala fofofo. Mzee aliyepoteza kumbukumbu anaweza kunyamaza kimya ilhali watu wanapita hatua chache kutoka alipo. Kwa hiyo watafutaji huinama, huchungulia chini ya vichaka na mitaroni, na kila baada ya hatua kadhaa hugeuka kutazama walikotoka, kwa sababu kichaka kinachoficha upande huu hufichua upande ule. Wakiita, huita kwa pamoja, kisha injini huzimwa na wote hunyamaza wasikilize. Ukimya huo ndio unaowashinda wengi. Huruma hutufanya tupige kelele mfululizo, na sauti dhaifu ya anayetafutwa humezwa humo.

Dhana: Siku hizi droni, kile kindege kisicho na rubani, inatosha.

Husaidia sana mahali peupe. Lakini kamera yake ya joto, inayomwona mtu kwa joto la mwili wake, haipenyi majani mazito, na jua likiwa kali, mawe nayo huwaka kama mwili wa mtu.

Dhana: Ukiona kiatu chake, kiokote ukipeleke haraka.

Kiache hapo hapo. Kipige picha, weka alama, mwite mratibu na usikanyage pembeni yake. Kilipolala na kilikoelekea vinaweza kueleza mengi kuliko kiatu chenyewe.

Dhana: Asiyeweza kuingia porini hana msaada.

Kuna kuchora ramani, kupokea simu, kupika, kusambaza tangazo. Kabla ya kusambaza, angalia kama lina tarehe, mahali, na namba ya polisi au ya mratibu. Namba ya familia ikitapakaa, matapeli hupiga wakidai fedha kwa kisingizio kwamba wanaye. Na akipatikana, lifute tangazo hilo na uwaombe uliowatumia nao walifute. Ni mtu aliyerudi kwake. Picha na ugonjwa wake visiendelee kuzunguka mikononi mwa watu.