Maana ya 86 jikoni, na ubishi kuhusu asili yake

Mpishi mkuu katika hoteli kubwa ya Nairobi akipaza sauti "86 tilapia!", namba ikitamkwa kwa Kiingereza, anawaambia weita kwamba tilapia imekwisha na oda yake isipokelewe tena. Jiko makini halingoji sahani ya mwisho. Hutangaza mapema kwamba zimebaki tatu. Ya tatu ikishaagizwa ndipo 86 inaitwa, weita wote wanaitikia, inaandikwa ubaoni, kisha tilapia inafungwa kwenye mashine ya oda. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika: weita aliyekuwa ghorofani hakusikia, anapokea oda, mteja analipa kwa M-Pesa, na sasa meneja aanze kutafuta namna ya kumrudishia hela.

Kwenye baa, 86 humhusu mtu. Mteja "aliyepigwa 86" hauziwi tena, au anatolewa nje.

Msimbo huu ni wa Marekani, na hadithi inayopendwa zaidi ni ya Chumley's, baa iliyofunguliwa 1922 katika nyumba namba 86, Bedford Street, New York, wakati pombe ilikuwa marufuku. Inasemekana polisi walipokaribia, wateja waliambiwa watokee mlango wa namba 86. Wengine hutaja jengo la Empire State, lenye roshani ya kutazamia mji kwenye ghorofa ya 86. Wapo pia wanaodai ni kifungu cha sheria ya pombe ya New York, lakini sheria hiyo ilitungwa 1934, na msimbo ulikuwa tayari umechapishwa.

Mwaka 1933 mwandishi wa magazeti Walter Winchell alichapisha misimbo ya wauza soda wa Hollywood: 81 ni glasi ya maji, 13 ni bosi yuko karibu, na 86 ni kitu kimekwisha. Hilo linaidhoofisha sana hadithi ya Chumley's. Ushahidi unatoka upande wa pili wa nchi, na unahusu bidhaa kuisha. Maana ya kufukuza mtu ilienea baadaye, miaka ya 1950.

Maelezo yenye nguvu zaidi ni ya vina: "six" inalingana na "nix", neno la mtaani la Kimarekani lenye maana ya hakuna. Hata hivyo, 81 na 13 hazina vina na chochote, kwa hiyo huenda 86 nayo ilikuwa namba tu kwenye orodha ya kaunta.