Maana ya kuishi bila mtoto kwa hiari, na mahali pake katika afya ya akili

Kuishi bila mtoto kwa hiari ni hali ya mtu mzima, mwanamke au mwanamume, aliyeamua kwamba hatazaa wala hatabeba jukumu la uzazi, na sababu ya uamuzi huo ni kwamba hataki, si kwamba amenyimwa. Uzito wote wa dhana hii umo katika neno hiari. Ukiliondoa, unabaki na hali nyingine kabisa, yenye huzuni yake na matibabu yake. Hapa kwetu Kisumu hali hizo mbili huchanganywa kila siku, nyumbani, kanisani na hata katika vyumba vya matibabu, kiasi kwamba mtu aliyeamua kwa utulivu huombewa apone, na yule anayelia usiku kwa kukosa mtoto huambiwa kwamba anaringa.

Lugha zetu zimechangia mkanganyiko huo. Kiswahili kina tasa na mgumba, Kijaluo kina lur, na Kikikuyu, ambacho husikika sana kule Nakuru, kina thata. Maneno hayo yote yanaeleza upungufu, na hakuna hata moja linaloacha nafasi ya kuuliza kama mwenyewe alitaka. Ndiyo maana tunalazimika kutumia fungu zima la maneno, na kwa maoni yangu ni afadhali fungu refu lililo sahihi kuliko neno fupi linalotukana.

Mtu asiye na mtoto anaweza kuwa anamtaka lakini wakati wake haujafika, pengine kwa sababu ya masomo, kazi au kutompata mwenzi. Anaweza pia kuwa amemtaka kwa miaka na hajampata. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba kuna tatizo la uzazi pale ambapo mimba haijatungwa baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga, na katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilikadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hupitia hali hiyo wakati fulani maishani. Wa tatu ndiye tunayemzungumzia hapa, yaani yule ambaye hata angehakikishiwa mtoto mwenye afya na karo iliyolipwa, bado angesema hapana. Kwa macho ya jirani watu hao watatu wanafanana, lakini ndani yao hawafanani hata kidogo, na faraja inayomfaa mmoja humjeruhi mwingine.

Mimi nililielewa jambo hili katika matanga ya shangazi yangu, dada yake baba, ambaye sisi tulimwita waya kama desturi yetu ilivyo. Alikuwa kifungua mimba, na wazazi wao walipofariki aliacha masomo akawalea wadogo zake watano, akawafulia, akawauguza na kuwalipia karo kwa kuuza vitambaa sokoni Kibuye. Mdogo wao wa mwisho alipomaliza shule, waya alikuwa na miaka thelathini na kitu, na alitwambia waziwazi, si mara moja, kwamba kazi ya kulea ameifanya na hataki kuianza upya. Siku ya mazishi, chini ya hema, niligawiwa kijitabu cha ratiba kilichochapishwa mjini, chenye picha yake mbele na wasifu wake ndani. Baada ya majina ya ndugu zake kulikuwa na sentensi fupi isemayo kwamba marehemu hakujaliwa watoto. Nilipouliza, binamu yangu alieleza kwamba mchapishaji alikuwa na nafasi ya kujaza, na wazee wakaona kwamba kuandika ukweli kungemwaibisha. Kwa neno hilo moja, hakujaliwa, uamuzi alioutetea kwa zaidi ya miaka ishirini uligeuzwa kuwa mkosi uliompata.

Tukija upande wa akili, ni vyema kuanza na neno msongo. Asili yake ni kitenzi songa, kile kile tunachokitumia kwa ugali. Anayesonga ugali huubana unga kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria, huugeuza, kisha huubana tena na tena mpaka ukaze, na kila mpishi anajua kwamba si mkandamizo mmoja unaoufanya ugali kuwa mgumu bali ni ule mfululizo. Msongo wa mawazo hufanya kazi namna hiyo. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapotishwa, na mwaka 1936 Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, alichapisha matokeo ya majaribio yake kwa panya yaliyoonyesha kwamba mwili unaobanwa hupitia hatua ya mshtuko, kisha ya kustahimili, na kama mbano hauishi, hatua ya kuchoka kabisa. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini na baadaye ile ya kotisoli, moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu na tumbo hupunguza kazi yake. Yote hayo ni msaada mkubwa kwa mtu anayekimbia kiboko ufuoni Dunga. Kwa mtu anayebanwa na maneno kila wiki kwa miaka kumi, yanageuka kuwa madhara: usingizi hukatika, shinikizo la damu hupanda, kumbukumbu hulegea, na uwezekano wa kupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au wasiwasi wa kudumu huongezeka.

Afya ya akili, kwa upande wake, si kutokuwa na msongo. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, ilisema kwamba afya ni ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosekana kwa maradhi tu. Maelezo ya baadaye ya shirika hilo yanamtaja mwenye ustawi wa akili kuwa mtu anayezitambua karama zake, anayemudu misukosuko ya kawaida ya maisha, anayefanya kazi yenye tija na kuchangia katika jamii yake. Hakuna mahali katika maelezo hayo palipotajwa watoto. Mtu anaweza kutimiza yote hayo akiwa mzazi, na anaweza kuyatimiza bila kuwa mzazi.

Basi msongo wa anayeishi bila mtoto kwa hiari unatoka wapi? Kwa kadiri nilivyoona, mara chache hutoka katika uamuzi wenyewe. Hutoka katika kuuficha au kuueleza bila kikomo. Mwanamke anapohamia ploti mpya Nyalenda, swali la kwanza la jirani huwa, "Mama nani?" Si swali la uadui, kwa kuwa jirani anatafuta jina la heshima la kumwitia. Hata hivyo, asiye na jibu hubaki akiitwa "yule wa nyumba ya mwisho", na katika chama cha akiba, kina mama wanapojitambulisha kwa zamu kama Mama Achieng', Mama Wekesa, Mama Brian, yeye huanza kuhesabu viti vilivyosalia kabla zamu yake haijafika. Kijaluo angalau kina mlango wa pili: mwanamke huweza kuitwa kwa kwao alikozaliwa, nyar Alego, nyar Seme, na jina hilo hubeba heshima kamili bila kuuliza habari za tumbo lake. Laiti lingetumika zaidi hata pale tunapozungumza Kiswahili.

Mwanamume naye habaki salama. Miongoni mwa Wakikuyu wa Nakuru, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la bibi mzaa baba. Kwa Wajaluo na Waluhya pia majina ya waliotangulia huwarudia watoto. Kwa hiyo kijana anapomwambia baba yake kwamba hatazaa, mzee hasikii habari za mpango wa maisha ya kijana, bali anasikia kwamba jina lake litazikwa pamoja naye. Sikubaliani na wanaoidharau hofu hiyo. Uchunguzi wa uzazi wa miaka ya 1977 na 1978 ulikadiria kwamba mwanamke wa Kenya angezaa wastani wa watoto wapatao wanane, ilhali utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata wastani wa 3.4. Mzee aliyezaliwa katika boma lililojaa watoto ameshuhudia badiliko hilo lote katika maisha yake mwenyewe, na huzuni yake ni ya kweli. Anachokosea ni kumfanya mwanawe ailipe huzuni hiyo kwa kumleta duniani mtu ambaye hakutakiwa.

Sababu za uamuzi huu hazifanani, na si wajibu wa mtu kuzitaja. Wapo kama waya, waliokwisha kulea. Wapo walioona mama zao wakivunjika. Wapo wenye chembe ya kurithi ya ugonjwa wa damu wa selimundu, ambao ni wa kawaida katika ukanda huu wa Ziwa Viktoria, wanaojua kwamba ikiwa wazazi wote wawili wanayo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumleta mtoto mgonjwa, na wameyaona makesha ya hospitalini kwa macho yao. Wapo pia ambao hawana kisa chochote cha kusimulia: hawajawahi kuhisi hamu ya kuwa wazazi, kama ambavyo wengine hawajawahi kuhisi wito wa upadri, na sababu hiyo inatosha.

Je, kuishi bila mtoto huleta amani zaidi? Wengine hudai hivyo kwa sauti kubwa, na ningependa wajihadhari. Zachary Neal na Jennifer Watling Neal, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, walichapisha mwaka 2021 utafiti uliowatenganisha wasiotaka watoto na wazazi, na wanaotarajia kuzaa, na waliokosa, wakakuta kwamba makundi hayo hayakutofautiana katika kuridhika na maisha mara tofauti kama za umri na elimu zilipozingatiwa. Mwaka 2016 Jennifer Glass, Robin Simon na Matthew Andersson walilinganisha nchi 22 zilizoendelea na kuona kwamba pengo la furaha kati ya wazazi na wasio wazazi lilibadilika kulingana na sera za nchi, kama vile likizo yenye malipo na nafuu ya gharama za malezi. Tafiti hizo hazikufanywa Kondele wala Naivasha, lakini funzo lake linaeleweka hata kwetu, ambako wahenga walikwisha kusema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea: kinachomchosha mzazi ni kulea peke yake bila msaada, na kinachomchosha asiye mzazi ni kuachwa peke yake na swali lisiloisha.

Kuna jambo moja linalohitaji uangalifu mkubwa, nalo ni kutofautisha hiari na ugonjwa. Sonona huondoa hamu ya kila kitu, ya chakula, ya kazi, ya marafiki, na mtu aliyezama ndani yake anaweza kusema hataki mtoto kwa sauti ile ile anayosemea kwamba hataki kuamka. Mwingine alipoteza mimba, au alidhulumiwa utotoni, na maneno yake ya kukataa yamefunika kidonda kisichotibiwa. Anayeamua kwa hiari kwa kawaida hukataa jambo hili moja huku akiyapenda mengine: ana shamba analolipanga, ana mpwa anayemfundisha kusoma, anacheka. Tofauti hiyo haionekani kwa mazungumzo ya dakika tano barazani, na ndiyo maana nasikitika ninapoona mchungaji au muuguzi akiihukumu kwa kumtazama mtu usoni.

Mtu anayehisi kwamba usingizi umempotea kwa wiki kadhaa, au kwamba anakwepa kwenda nyumbani ushago kwa kuogopa maswali, ana haki ya kutafuta msaada kama mgonjwa mwingine yeyote. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatambua haki ya kila mtu ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, ikiwemo afya ya uzazi, na Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022 ikizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo. Kimataifa, mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo, uliofanyika Cairo mwaka 1994, ulithibitisha kwamba wanandoa na watu binafsi wana haki ya kuamua kwa uhuru na kwa uwajibikaji idadi ya watoto wao, na hakuna kinachozuia idadi hiyo kuwa sifuri.

Mshauri anayeijua kazi yake hamsukumi mtu azae, wala hamsifu kwa kutozaa. Humuuliza uamuzi ulianza lini, kama ulibadilika alipobadilisha mwenzi au kazi, kama mwenzi wake ameambiwa kabla ya mahari kupelekwa au bado anangoja kimya kimya, na nani katika ukoo anaweza kuambiwa kwanza, kwa kuwa mara nyingi ni rahisi shangazi mmoja anayesikiliza awaeleze wengine kuliko mtu kusimama mbele ya kikao cha wazee watano. Kisha humsaidia kutafuta sentensi moja ya ukweli, fupi, isiyo na ukali, anayoweza kuirudia kila anapoulizwa bila kuanza kujieleza upya. Tena humwachia nafasi ya kurudi baada ya mwaka mmoja au mitano, iwe ni kuthibitisha alichosema au kusema kwamba sasa anafikiri vingine.