Virusi vinavyoteka mafaili: dhana potofu na ukweli

"Sisi ni duka dogo, nani ahangaike na sisi?"

Hakuna anayekuchagua. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilijisambaza vyenyewe hadi kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Vilifunga mafaili na kudai dola 300 za Bitcoin, sarafu ya mtandaoni, kwa kuanzia. Hiyo ni bei ya mwenye duka, si ya benki. Microsoft, watengenezaji wa Windows, walikuwa wameshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu vilimopitia, tangu Machi. Ile Windows ya kuchakachua uliyowekewa na fundi mara nyingi imezimwa masasisho, na hapo ndipo mlango unapobaki wazi.

"Tukilipa watatufungulia"

Labda. Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta ya Marekani, ililipa dola zipatazo milioni 4.4 mwaka 2021. Programu ya kufungulia waliyopewa ilijikokota mno, ikabidi watumie pia bakapu zao wenyewe, yaani nakala za akiba za mafaili. Kwa virusi vingine, NotPetya ya 2017, hata ulipe, ufunguo haukuwepo. Kabla ya kutoa shilingi, pita kwenye tovuti ya No More Ransom inayoungwa mkono na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya: baadhi ya virusi hivi vina dawa ya bure.

"Tuna bakapu kwenye hadidiski ya nje"

Sawa, na sasa hivi iko wapi? Ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta ya kaunta, itafungwa pamoja na mafaili mengine. NotPetya ilipoipiga kampuni ya meli ya Maersk, seva zilizotunza akaunti za watumiaji duniani kote zilifutika. Ilipona moja tu, ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika! Wewe usisubiri mgao. Nunua hadidiski mbili: moja ikae nyumbani, nyingine uichomeke jioni unapofunga hesabu, kisha uichomoe. Wiki inayofuata zibadilishane. Na mara mojamoja jaribu kurudisha faili la mauzo ya mwezi uliopita, lifunguke mbele ya macho yako.

"Antivairasi inatosha"

Haitoshi. Mfanyakazi akifungua "ankara" ya barua pepe na kukubali kila inachomwomba, antivairasi inaweza isishtuke.

"Ukishapigwa, fomati tu"

Kwanza chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, piga picha ujumbe wa madai. Kama huna nakala, mwambie fundi aweke pembeni hiyo diski iliyofungwa na akuwekee nyingine. Funguo za baadhi ya virusi zimewahi kupatikana baadaye, polisi walipokamata seva za wahalifu.