Kerneli ya Mashine Pepe Itunzwe na Nani?

Anayewasha Linux katika mashine pepe ya QEMU (programu inayoiga kompyuta nzima ndani ya nyingine) ana njia mbili kuu, na tofauti yake haiishii kwenye kasi: kila moja huamua ni nani anayetunza kerneli (kiini cha mfumo endeshi), mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, au mwenyeji, yaani kompyuta inayoiendesha.

Njia ya kwanza huiga kompyuta halisi. Prosesa ya x86 huanza kusoma maagizo katika anwani 0xFFFFFFF0, ikiwa katika hali ya biti 16, na hapo hukutana na programu dhibiti (firmware, inayoiamsha mashine), ambayo kwa kawaida ni SeaBIOS, inayofanya kazi ya BIOS, au OVMF pale UEFI, mrithi wa BIOS, inapohitajika. Hiyo huikabidhi kazi GRUB, programu ya kupakia mfumo, nayo GRUB husoma kerneli kutoka kwenye diski ya mgeni. Kwa seva ya kawaida sioni sababu ya kuiacha njia hii, kwani mgeni akisasisha kerneli, akiwashwa upya anaipata bila kumwomba mwenyeji lolote.

Njia ya pili ni kuikabidhi QEMU faili la kerneli kwa chaguo la -kernel, pamoja na -initrd (mfumo mdogo wa mafaili wa kuanzia, yaani initramfs) na -append (maelekezo kwa kerneli). GRUB haihitajiki, wala diski si lazima. Wengi hudhani kwamba programu dhibiti nayo imerukwa, lakini sivyo: kwa bzImage (faili la kerneli iliyobanwa) ya x86, SeaBIOS huamka kwanza, kisha kipande kidogo cha msimbo kiitwacho linuxboot huichukua kerneli kupitia fw_cfg, njia ya QEMU ya kumpitishia mgeni data, na kuiendesha. Kwa anayeijenga kerneli kila mara, hakuna njia inayonipendeza zaidi. Ukitumia -nographic (bila dirisha la picha), taja console=ttyS0 katika -append ili ujumbe utoke kwenye bandari ya serial, la sivyo utaona giza ilhali kerneli inakimbia; na kama root (mfumo mkuu wa mafaili) ni /dev/vda1, kiendeshi cha virtio_blk, kinachosoma diski pepe hiyo, kiwe ndani ya kerneli au initramfs, vinginevyo itasimama kwa kukosa mfumo wa mafaili. Tatizo gumu zaidi huja baadaye: mgeni husasisha kerneli kwa apt, kila kitu kikaonekana sawa, lakini uname -r, amri ya kuonyesha toleo la kerneli inayoendeshwa, huonyesha ile ya zamani, kwa sababu aliyeichagua ni mwenyeji. Moduli (vipande vya ziada vya kerneli) zilizomo /lib/modules ya mgeni nazo zisipolingana na kerneli hiyo, hazipakiki.

Firecracker, programu nyingine ya mashine pepe iliyotolewa na Amazon mwaka 2018, imeiacha BIOS kabisa. Kwenye x86 hupokea vmlinux, faili la kerneli isiyobanwa, huandaa kumbukumbu na rejista yenyewe, kisha huingia moja kwa moja katika kerneli, bila kupitia hali ya biti 16.