Spea ya zamani si lazima iwe bora

Wamiliki wa pikipiki za zamani za Kiingereza, Triumph na BSA, huamini spea halisi iliyokaa miaka 50 kwenye boksi lake hushinda iliyotengenezwa leo. Kwa chuma, mara nyingi ni kweli. Kwa mpira, hapana: sili hukauka hata bila kutumika, na oili huvuja. Kabureta ya Amal Concentric ya awali ina slaidi (kipande kinachopanda na kushuka kudhibiti hewa) ya aloi ya zinki ndani ya bodi ya zinki, hivyo husagana na injini haitulii ikiwa sailensa (mwendo wa chini bila kuongeza mafuta). Toleo jipya la Premier lina slaidi ngumu ya aluminiamu na boya linalohimili etanoli.

Boliti zichunguzwe zaidi: ya robo inchi ya kipimo cha zamani cha Kiingereza, CEI, ina nyuzi (hesi) 26 kwa inchi, ya kipimo cha UNF ina 28. Ukilazimisha moja kwenye tundu la nyingine, unaharibu hesi.